Muganga wa kituo na kazi yake wakati wa mlipuko

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, mwezi wa kumi na moja 2024

 

Komite ilituomba tuseme juu ya mpox. Tutaisema. Lakini hatukuja kufundisha namna ya kunawa mikono. Hiyo mumeisha kuisikia ku redio, ku kanisa na ku msikiti, tangu wakati wa corona, na mbele ya corona ilikuwa Ebola, na kipindupindu ni jirani yetu wa siku zote hapa kando ya ziwa. Tulikuja juu ya pesa. Kasha la mshikamano liko na michango ya mwaka mzima, na karatasi yenye iko mbele yenu inapendekeza sehemu kubwa inunue ndoo za robine, sabuni na mabango. Sisi wenye kutumika na vituo vya afya kila juma tunaona pesa hiyo iende kwa muganga wa kituo. Tutaeleza sababu, kisha mutaamua, kwani pesa ni yenu.

Ndugu zetu wenye walichukuliwa kutoka Nyarugusu kwenda Marekani ao Canada wanatuambiaka ku simu kwamba kule jamaa inaweza kuwa na docta wake: anajua sukari ya bibi, anajua pumu ya mtoto, anajua baba alimeza dawa gani mwaka jana. Wanaeleza kama kitu kipya. Kumbe sisi pia tuko naye. Haitwi docta wa jamaa, anaitwa enfirmie titulere, ao paka "titulere", na hajasomea udaktari. Docta wa zoni yuko, lakini yeye anasimamia vituo vyote vya zoni, na siku mingi anaonana na makaratasi kuliko wagonjwa. Congo iligawanywa mu zoni za afya nyuma ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978. Mu 1985 zilikuwa 306, leo ni 519. Ku ramani ni vizuri. Lakini chini kabisa ya ramani hiyo kuko mtu mmoja ao wawili mu nyumba ya matofali na bati, na hao njo wanatugusa.

Tazameni siku yake ya kawaida. Asubuhi ni watoto wa homa: anatoboa kidole, anangojea mstari wa testi ya malaria. Kuko siku ya mama wenye mimba, kuko siku ya kupima uzito na kuchoma chanjo. Kuko mzee wa presha mwenye anaacha dawa kila akisikia nafuu. Kuko mama mwenye anakuja kulalamika tumbo, kumbe shida yake ni bwana anamupiga, na muganga anajua hiyo bila kuambiwa. Usiku ni uzazi, na taa ni ya simu. Yote anaandika mu rejista na kalamu. Kazi hiyo haina jina kubwa, na hakuna gari linakuja juu yake.

Kwetu wenye tulirudi kutoka ng'ambo ya ziwa, mtu huyo ana uzito wa pekee. Tangu 2005 meli zilianza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka Baraka kwa msaada wa HCR, na wengine wengi walivuka wenyewe. Mtoto alifika na karatasi ya chanjo ya Lugufu ao ya Nyarugusu, imekunjwa mara nane. Kambini matunzo hayakuombwa pesa. Huku ukifika, wanakuambia kwanza ulipe fishi. Wengi waligeukia ku mlango. Ni muganga mwenye aliketi akaisoma ile karatasi, akahamisha majina ya watoto wetu mu rejista yake, na wengine akawatunza kwa deni. Ilichukua miaka watu waanze kumuita kwa jina, na yeye kuwaita kwa jina. Mlipuko ukifika, hapo njo unapiga kwanza.

Tuanzie ku corona, juu wote tunaikumbuka. Tarehe 10 mwezi wa tatu 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa. Tarehe 24 Prezida Tshisekedi akatangaza hali ya dharura, mipaka ikafungwa. Huku kwetu woga ulifika mbele ya ugonjwa wenyewe. Muganga aliambiwa asimame mbali na mgonjwa, avae maski, apime joto kwa kile kipima chenye kinafanana na bunduki. Wenye waliandika mwongozo ule hawakufikiri juu ya watu kama sisi. Mama mwenye alikimbia masasi mara mbili ao tatu mu maisha yake, unamuelekezea kitu kama bastola ku paji la uso, halafu unauliza kwa nini kesho hakurudi? Muganga mmoja mu vituo vyenye tunasaidia alikiweka ndani ya sanduku, akarudilia kile cha kwapani. Kila mara alikuwa anakisafisha na alkoli. Alkoli ya kituo ilipoisha akanunua kwa franga zake.

Na lile jambo la mkono. Huku kwetu matunzo yanaanza muganga akiweka mkono ku shingo ya mtoto. Mama anaona mkono huo, roho inatulia, anaanza kusema yenye hakusema ku mlango. Siku mkono ulikatazwa, maneno pia yalikauka. Homa ya malaria na homa ya corona zinaanza sawasawa, kwa hiyo watu waliamua kutopeleka homa ku kituo, wasiandikwe corona. Wenye kikohozi walikuwa wanakimeza. Kati yao walikuwemo wenye kifua kikuu, na hao ni watu wenye wanapaswa kuonekana mapema, la sivyo nyumba nzima inashikwa. Mu rejista zenye tulifungua wakati ule, ukurasa wenye mbele ulikuwa unajaa siku moja ulikuwa unangojea siku tatu. Haikuwa afya. Watu walikuwa nyumbani na dawa za sokoni.

Kisha ikaja chanjo. Dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilifika Kinshasa tarehe 2 mwezi wa tatu 2021, kuchoma kukaanza tarehe 19 mwezi wa ine, na karibu milioni 1.3 zikatumwa inchi zingine mbele muda wake uishe, sababu watu hawakuja. Muganga alikuwa anaulizwa paka swali moja: "Wewe mwenyewe umechomwa?" Swali hilo si baya. Ubaya ni kwamba halikubaki ku corona. Mama walianza kuuliza hivyo hivyo juu ya chanjo ya polio na ya surua, zenye walikuwa wanaleta watoto wao bila maneno. Muganga aliyekuwa anachoma chanjo mu asubuhi moja sasa anatumia asubuhi kueleza, na watoto wamelala ku migongo ya mama zao.

Sasa tunaomba mutusikilize vizuri. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa munane 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Wagonjwa 3,470, wafu 2,287. Mu 2019 iligusa hata jimbo letu, kule Mwenga, lakini huko haikuenea. Mu wakati huo huo surua ilikuwa inatembea mu majimbo yote ya Congo. Mwanzo wa 2020 OMS ilikuwa imeisha kuhesabu wafu zaidi ya 6,000 tangu mwanzo wa 2019, na wengi wao ni watoto wadogo. Wagonjwa wenye kushukiwa walikuwa wamepita 300,000. Surua! Ugonjwa wenye chanjo yake iko tangu miaka ya 1960. Ni wangapi kati yetu walisikia surua ku redio siku zile? Ebola kila mtu aliisikia.

Hatusemi Ebola haikustahili magari yake. Ugonjwa wenye unaua watu wawili kwa kila watatu, huwezi kuungojea umeketi. Na surua ilipata nguvu kwa sababu nyingi: chanjo kukosa kufika, barabara, vita, friji bila mafuta. Lakini mtu mwenye alipaswa kumuona mtoto wa surua mapema na kumuchoma mbele ya hapo ni yule yule mwenye kazi yake ilivurugwa. Tuseme kweli juu ya prime. Waganga wengi wa vituo vyetu hawapati mshahara wa Leta. Wanaishi na kile mgonjwa analipa. Riposte inakuja na prime ya kila siku. Muganga ana watoto, wako ku masomo. Akienda kuhesabu joto la wasafiri ku barrière, nani atamuhukumu? Si sisi. Lakini kituo kinabaki na mwanafunzi na mama mwenye kufagia, na siku ya chanjo inaruka juma moja, kisha mawili.

Jambo moja la Ebola lilitufundisha mengine. Mu maeneo yenye kuguswa, kule Mangina na Beni, matunzo yalifanywa bure kwa muda, na watu walijaa ku vituo: malaria, kuhara, mimba, yote yenye ilikuwa imejificha nyumbani. Wengine walisema watu wanapenda vya bure. Sisi tunasoma hivi: ugonjwa ulikuwako, fishi njo ilikuwa inaufunga mlango. Lakini muganga alibaki yule mmoja, na wagonjwa wakawa mara mbili. Ukiondoa bei bila kuongeza mikono na dawa, unamumaliza muganga.

Tufike ku mpox. Kwa mtu iliandikwa mara ya kwanza mu 1970, kwa mtoto wa miezi 9 kule Basankusu, kwa hiyo si ugonjwa wa jana mu inchi yetu. Mwezi wa kenda 2023 aina mpya ilianza kuonekana Kamituga, pa machimbo ya zahabu, ikafika Bukavu, ikafika Uvira, ikavuka mpaka. Tarehe 14 mwezi wa munane mwaka huu OMS ikatangaza dharura ya dunia. Mwezi uliopita kuchoma chanjo kulianza Goma, na kulianzia kwa watu wazima. Kwa muganga wa kijiji, mpox ni kitu hiki: mtoto mwenye vipele. Anaweza kuwa na surua. Anaweza kuwa na tetekuwanga, ao upele wa kawaida wenye umekwaruzwa mpaka ukaoza. Muganga anatazama viganja na nyayo, anagusa tezi za shingo, anauliza homa ilianza mbele ya vipele ao nyuma. Kwa hiyo inaomba glavu, na glavu za kituo ni zile zenye ziliwekwa kwa uzazi. Mama atazaa usiku na muganga atakuwa na mikono mitupu. Hesabu hiyo anaifanya kila siku, peke yake, na hakuna ripoti yenye inaiuliza.

Testi haiko pale. Anachukua sampuli, inapanda pikipiki, inapanda gari, na jibu linakawia. Siku hizo mgonjwa anakaa wapi? Vituo vingi tunavyofika viko na vyumba vitatu: cha kupimia, cha uzazi, na cha kulaza. Hakuna chumba cha mtu mwenye bado hajulikani. Tuliona mtoto wa vipele amelazwa ku baraza, ukuta mmoja na mama mwenye amejifungua asubuhi ile. Muganga alijua ni vibaya. Alituuliza: "Munataka nimuweke wapi, mu nyumba yangu?" Na hakuwa anacheka.

Kuko kitu kingine chenye hakisemwi ku mikutano, tusamehewe kukisema mbele ya wazee. Mpox inapita kwa ngozi kugusana, nyumbani kati ya watoto, na kati ya watu wazima inapita pia kwa ndoa na kwa yale yasiyo ndoa. Kamituga iliona hiyo wazi. Sasa muganga anapaswa kumuuliza mwanamume: "Ulilala na nani?" Docta mwenye alitoka Bukavu anaweza kuuliza hiyo na kurudi kwake. Titulere wetu anauliza mtu mwenye wanaimba naye kwaya. Anajua bibi yake. Anajua pia yule mama mwingine, na kesho atampima mimba. Kule kujuana kwenye kulikuwa nguvu ya kazi yake kunakuwa mzigo. Mwenye tuliongea naye anafanya hivi: haandiki jibu siku ile, anatembea kwa mguu mpaka kwa yule mtu mwingine, jioni, kama mtu anayepita kusalimia, anamuambia ajitazame ngozi kwa siku 21 na amuite akiona kitu. Watu wanakubali, sababu hakuna mwenye aliona. Halafu gari la timu linafika na kibandiko ku mlango, linasimama mbele ya parcelle, watoto wanalikimbilia, na ndani ya saa moja kartie nzima imeisha kujua. Juma linalofuata hakuna mtu analeta vipele. Tulikwisha kuomba timu hizo zipige simu kwanza na kuacha gari mbali. Mara moja walisikia.

Na makaratasi. Kila juma titulere anatuma hesabu za magonjwa yenye Leta inafuata: surua, kipindupindu, polio na zingine. Corona iliongeza fomu yake, mpox imeongeza yake. Hatujaona fomu yenye ilipunguzwa. Unite za simu za kutuma hizo hesabu zinatoka mara nyingi mu mfuko wake.

Kwa hiyo, kasha letu. Ndoo za 2020 ziko wapi? Tulitembea, tuliziona: zinabeba unga, na hatulaumu mtu, ndoo nzuri haikai bure. Mabango ya corona yanaziba madirisha. Bei ya mabango mapya peke yake inatosha mbao, bati na turubai ya chumba kimoja kidogo nje ya kituo, na mlango wake, ili mtoto wa vipele asilale tena kando ya mama wa uzazi. Vijana wa shirika wanaweza kukijenga, walijenga kanisa. Glavu ziwe za aina mbili mu rejista: za mlipuko zenye zinatoka kwa riposte, na za kituo zenye sisi tunanunua, zisiguswe kwa kitu kingine isipokuwa uzazi na vidonda. Kuko mama wawili kati yetu wenye walikuwa wasaidizi wa afya kambini na vyeti viko. Tuwalipe kidogo kwa siku za chanjo tu, waandike na wapime uzito, ili hata muganga akiitwa, siku ya chanjo isiruke. Na unite za simu. Ni aibu kuzitaja mbele ya mkutano mkuu, ni kidogo sana, lakini hesabu ikikosa kuondoka kituo juma mbili, hakuna mwenye atajua surua imefika.

Juu ya fishi, hatukubaliani hata kati yetu wenyewe. Wengine wanataka kasha lilipe fishi ya kila mtoto wa chini ya miaka mitano wa mwanamemba, wakati wote wa mlipuko. Wengine wanasema kasha litakauka mu miezi mitatu, na majirani wenye hawakukimbia kamwe watasema marapatriye wanatunzwa wao peke yao, na maneno hayo tunayajua yanaishia wapi. Pendekezo letu ni dogo zaidi: watoto wa homa, wa wanamemba na wa majirani, kwa miezi ya mvua, halafu tutazame rejista. Mukiona ni kidogo sana ao ni mingi sana, museme.

Baba mmoja wa komite alituambia juzi: kituo ni kazi ya Leta, kwa nini tujenge chumba cha Leta? Ana haki. Leta iombwe, na barua tumeiandika, iko hapa, mutie sahihi. Lakini barua ya kwanza tuliituma mwaka jana.

Kwa marafiki wafadhili tuna neno moja tu, na tunalisema kwa heshima. Pesa yenu inafika na jina la ugonjwa juu yake. Pesa ya mpox haiwezi kununua mafuta ya pikipiki yenye inabeba chanjo ya surua, hata kama pikipiki ni ile ile, na barabara ni ile ile, na muganga ni yule yule. Tunajua nyinyi pia muko na wakubwa wenye munapaswa kuwaeleza. Lakini sehemu moja ya pesa iachwe bila jina, tuwe tunawaonyesha rejista na stakabadhi kila miezi mitatu. Wahasibu wetu wawili wamekubali kuzifungua kwa mtu yeyote mwenye atafika.

Titulere tulimualika. Yuko pale nyuma, karibu na mlango, na simu yake iko wazi sababu kuko mama mwenye uchungu ulianza asubuhi. Tunaomba wenye maswali waanzie kwake, mbele ya sisi, kisha mupige kura.